Stelingi wa Pembeni

Sisi tuliokua katika miaka ya sitini, mtu akitoka kutazama sinema ya kauboi aliulizwa swali moja kabla ya mengine yote: stelingi alikuwa nani? Stelingi ndiye aliyechomoa bastola haraka kuliko wote, na ndiye ambaye hafi. Siku ya pili yake kila mtoto alitaka kuwa yeye. Hakuna aliyetaka kuwa yule anayeshika hatamu za farasi wa mwenziwe. Sasa nimevuka miaka sabini, ualimu mkuu nimestaafu, na wengi wa mastelingi wale nimewasahau hata majina. Ninayemkumbuka vizuri ni mtu ambaye mara nyingi hakuwa stelingi. Jina lake Woody Strode.

Huyu alikuwa Mmarekani mweusi, aliyezaliwa Los Angeles tarehe 25 Julai 1914. Kabla ya sinema alikuwa mwanamichezo. Mwishoni mwa miaka ya thelathini alicheza kandanda ya Kimarekani katika Chuo Kikuu cha UCLA pamoja na Kenny Washington na Jackie Robinson, yule ambaye mwaka 1947 aliuvunja ubaguzi katika besiboli. Lakini ligi kuu ya kulipwa ya kandanda yao, tangu mwaka 1934, ilikuwa haichukui mchezaji mweusi hata mmoja. Mlango ulipofunguliwa mwaka 1946, walioingia kwanza ni Washington na Strode, katika timu ya Los Angeles Rams. Strode alikuwa na miaka 32, umri ambao mchezaji huwa anajiandaa kutoka, si kuingia. Baadaye alikwenda Kanada, akawa katika timu ya Calgary iliyotwaa ubingwa mwaka 1948. Kisha akapigana mieleka ya kulipwa, na hatimaye sinema ikamchukua.

Mwaka 1960 alionekana katika filamu mbili zilizomtambulisha. Katika *Spartacus* alikuwa Draba, mtumwa Mwafrika anayelazimishwa kupigana mpaka kufa ili mabwana wa Kirumi wastarehe. Anamshinda Spartacus, anamwekea silaha shingoni, lakini hamuui. Anageuka na kuirusha silaha ile kwa mabwana waliokaa juu, na kwa hilo anauawa. Maneno yake katika filamu nzima ni machache mno, lakini uasi wote unaofuata una mizizi katika kitendo chake kile.

Ya pili ni *Sergeant Rutledge*, iliyoongozwa na John Ford. Hapo Strode ni sajenti wa Kikosi cha 9 cha wapanda farasi, kikosi cha kweli cha askari weusi kilichoundwa mwaka 1866. Sajenti anashitakiwa kwa uovu ambao hakuutenda. Anapata nafasi ya kutoroka, lakini anarudi kuwaokoa wenzake wasivamiwe. Filamu ina jina la cheo chake, hadithi ni yake, lakini jina lililotangulizwa mbele katika matangazo lilikuwa la Jeffrey Hunter, mzungu aliyecheza wakili wake. Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Strode alipewa haki hiyo nusu.

Lakini filamu niliyoitumia sana kuzungumza na walimu ni *The Man Who Shot Liberty Valance*, ya mwaka 1962. Hapo Strode ni Pompey, kibarua wa John Wayne. James Stewart, mwanasheria kijana, amefungua darasa katika mji mdogo, na miongoni mwa wanafunzi, watoto kwa watu wazima, ameketi Pompey. Nyuma yake ukutani ipo picha ya Abraham Lincoln. Anaambiwa asimame aeleze Tangazo la Uhuru la mwaka 1776. Anaanza, kisha anakwama mahali panaposema kwamba binadamu wote wameumbwa sawa. Anasema amesahau. Mwalimu anamwambia asijali, maana watu wengi huisahau sehemu hiyo.

Watazamaji wengine hucheka hapo. Mimi sikuweza. Aliyeandika maneno yale, Thomas Jefferson, mwenyewe alimiliki watumwa. Waliosahau kweli hawakuwa darasani. Na darasa lenyewe halifiki mwisho: bwana wake Pompey anaingia, anamkaripia kwa kupoteza wakati, anamtoa kwenda kazini. Mwalimu yeyote aliyefundisha shule ya kijijini anaijua hali hiyo. Mtoto yuko ubaoni, mlango unagongwa, anatakiwa machungani.

Nilipokuwa nikifundisha chuo cha ualimu, nilimtaja Strode mbele ya wanachuo kama mfano wa mtu aliyeifanya kazi ndogo kwa heshima kubwa. Mwanachuo mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, samahani," akasema, "kwa hiyo tuwafundishe watoto waridhike na nafasi ya pembeni?"

Lilikuwa swali zuri, na darasa zima lilinyamaza kusubiri. Nilimjibu kwamba kusimama wima si kuridhika. Mtu mrefu akisimama wima katika chumba kifupi, kichwa chake hugonga dari, na kila anayetazama huona kwamba kasoro ni ya dari. Angeinama, tungedhani chumba kinamtosha. Strode hakuinama. Alipopewa kusimama tu, alisimama kiasi kwamba jicho halikuweza kumwacha. Mwaka 1968, mwanzoni mwa filamu ya Sergio Leone, *Once Upon a Time in the West*, yumo kati ya watu watatu wanaosubiri treni. Maji yanadondoka juu ya kofia yake, tone baada ya tone. Hasemi kitu. Mwishowe anaishusha kofia na kuyanywa maji yale. Muda si mrefu anapigwa risasi, na filamu inaendelea bila yeye. Lakini mwulize aliyeitazama anakumbuka nini.

Mwaka huohuo, huko Italia, alipewa hatimaye nafasi ya katikati. Mwongozaji Valerio Zurlini alimchezesha kiongozi wa Kiafrika anayekamatwa, kuteswa na kuuawa, aliyechorwa kwa kumfuata Patrice Lumumba wa Kongo, aliyeuawa Januari 1961. Mmarekani yule aliyezoea kushika farasi wa wenzake akabeba mateso ya bara letu zima usoni.

Strode alifariki tarehe 31 Desemba 1994. Mwaka uliofuata ilitoka filamu ya katuni *Toy Story*, na kauboi wake wa kuchezea, Woody, alipewa jina kutokana na yeye. Wajukuu zangu wanampenda sana Woody huyo. Ndiye stelingi, na sura yake ni ya kizungu. Nimewaeleza jina limetoka wapi, nikawaonyesha picha ya mwenyewe juu ya farasi. Mdogo wao aliitazama kwa muda, akauliza, "Babu, na huyu alikuwa stelingi?" Nikamwambia ndiyo.

Ndugu msomaji, ikiwa wewe ni mwalimu, watazame wanafunzi waliokaa pembeni. Wasifie kwa kusimama wima, lakini dari usiisahau.