Simu ya tachi bila macho

Wenzetu, watu wengi hapa Kakuma wanadhani kipofu ni wa kabambe tu, kwa sababu kabambe ina vitufe vya kupapasa na tachi ni kioo kitupu. Sivyo. Tangu 2009 iPhone ina VoiceOver, na simu nyingi za Android zina TalkBack, bure, ndani kwa ndani. Ukishaiwasha, unatembeza kidole kimoja juu ya kioo, simu inakutajia unachogusa. Ukifika unapotaka, unagonga mara mbili. Kupandisha ukurasa ni vidole viwili kwa TalkBack, vitatu kwa VoiceOver. Sauti ya Kiswahili ipo, ingawa majina yetu ya Kikongo inayavunjavunja mpaka tunacheka.

Vidole vinazoea. Kazi ni namba ya siri. Hela ikiingia kwa simu, asiyeona inabidi aite mtoto au jirani amsomee meseji na ambonyezee PIN. Atajuaje kama imetolewa mia tano au elfu? Ndiyo maana sisi tunaanza na visikizi vya masikioni, simu isije ikamtangazia siri mpaka nyumba ya tatu.

Kuna programu ambazo waliozitengeneza hawakuvipa vitufe majina. Hapo simu inasema "kitufe", "kitufe", basi, na mwanafunzi anakasirika. Ana haki.

Mwenye simu ya zamani, hata iliyopasuka kona, ilimradi kioo bado kinasikia kidole, atuletee. Kuna mama anasubiri yake.