Mpira Niliowanyima



Wapendwa waamini, Dominika ya 16 ya Mwaka C, tarehe 20 Julai 2025, tulisikiliza Injili ya Martha na Maria. Katika mahubiri nilitaja kwa kifupi timu yetu ya taifa ya wanawake, Twiga Stars. Baada ya Misa baadhi yenu mliniuliza mpira unahusiana nini na nyumba ile ya Bethania. Nimeona vema nijibu kwa maandishi, kwa kuwa jibu lenyewe linanihusu mimi, na pale mimbarini sikupata ujasiri wa kulitamka.

Mwaka 2010 nilikuwa padre mpya katika parokia hii hii, ambako nimerudishwa miaka ya karibuni. Mwaka huo Twiga Stars, chini ya kocha Charles Boniface Mkwasa, walicheza fainali za Afrika kwa mara ya kwanza, huko Afrika Kusini. Walifungwa michezo yote mitatu: 2-1 na wenyeji, 3-2 na Mali, 3-0 na Nigeria. Habari zao zilitufikia kwa redio. Jumamosi moja, baada ya mafundisho ya Kipaimara, wasichana sita walisimama mlangoni pa ofisi yangu. Mmoja wao, aliyekuwa mrefu kuliko wenzake, aliomba kwa niaba yao mpira wa parokia na nafasi uwanjani mara moja kwa juma.

Niliwacheka. Niliwaambia uwanja una ratiba ya vijana, wazazi wao watanung'unika, na kama wanataka michezo wakacheze netiboli shuleni. Yule binti aliinamisha macho, akasema, "Sawa, Padre." Wakaondoka, nami nikaendelea na kazi zangu.

Ndugu zangu, mimi mwenyewe nililelewa na mpira. Seminarini mchezo wa jioni ulikuwa katika ratiba kama ilivyokuwa sala na masomo. Walezi wetu walituambia kwamba uwanjani kijana hujulikana kama ana uvumilivu, kama anajua kushindwa bila kinyongo, kama anampa mwenzake pasi. Sikukosa hata siku moja. Wala hakuna aliyeniuliza ni nani anayemtekea mama maji nyumbani wakati mimi nakimbia. Aliyekuwa akiteka ni dada yangu. Malezi niliyopewa mimi kama haki, wale sita niliwanyima kama anasa.

Miaka 15 ilipita kabla Twiga Stars hawajarudi katika fainali hizo. Mwezi Julai 2025 walikuwa Morocco, na katika kundi lao walikutana tena na Mali na Afrika Kusini, wale wale waliowafunga mwaka 2010. Tarehe 7 walitoka sare ya 1-1 na Mali. Tarehe 11 walitoka sare ya 1-1 na Afrika Kusini, waliokuwa mabingwa watetezi. Katika michezo yote miwili aliyetufungia ni Opa Clement. Hizo zikawa pointi mbili za kwanza kupatikana na Tanzania katika historia ya mashindano hayo.

Usiku ule wa mchezo wa Afrika Kusini tulikusanyika ukumbini, tumejifunga mablanketi kwa baridi ya Julai mnayoijua. Nyuma kabisa alikaa mama mmoja na binti yake wa miaka kama tisa. Alikuwa amekuja kutoka mjini kwa ajili ya msiba wa baba yake. Opa Clement alipofunga penalti, ukumbi mzima ulisimama. Mama yule akanisogelea, akaniuliza kwa upole, "Padre, unaukumbuka ule mpira?"

Nilijibu kwamba naukumbuka. Haikuwa kweli. Nilikuwa nimeusahau kabisa, na nilianza kuukumbuka pale aliponiuliza. Alimaliza darasa la saba, akaenda mjini kufanya kazi za ndani, akaolewa. Sisemi kwamba mpira ule ungebadili maisha yake. Hilo Mungu ndiye ajuaye. Najua tu kwamba jambo nililolisahau kwa siku moja, yeye amelibeba miaka 15. Kesho yake nilikwenda nyumbani kwao nikamwomba msamaha. Alinikaribisha chai, akanisamehe, kisha akaniuliza, "Na hawa wa sasa, je?"

Tarehe 14 Twiga Stars walifungwa 4-1 na Ghana, wakaaga mashindano. Asubuhi yake niliwasikia wanaume kadhaa gulioni wakicheka kwamba wanawake wamerudi jikoni. Nawakumbusha kwa upendo kwamba sisi wa Mbulu ndio wa mwisho kuruhusiwa kucheka kwa namna hiyo. Mtani wetu na fahari yetu, John Stephen Akhwari, aliingia uwanjani Mexico mwaka 1968 akiwa ameumia goti, wa mwisho kati ya waliomaliza marathoni. Hakuna mzee wa huku anayemtaja kwa dhihaka. Tunamheshimu kwa kuwa alimaliza alichotumwa kukimaliza. Heshima tuliyompa mwana wetu yawezaje kuwa haramu kwa binti zetu?

Sasa turudi Bethania. Martha hakusema uongo: kazi ilikuwepo. Hata kwetu, saa kumi jioni ndiyo saa ya maji, kuni, ndama na moto wa ugali, na karibu yote humngoja binti. Ndiyo maana kumwambia "nenda ukacheze" bila kuigusa kazi yake ni maneno matupu. Maria aliketi mahali ambapo wengi hawakutarajia kumwona mwanamke, miguuni pa Mwalimu kama mwanafunzi. Bwana hakumrudisha jikoni. Alisema kwamba alichokichagua hakitaondolewa kwake. Mimi mwaka 2010 niliondoa. Martha alilalamikia kuachwa peke yake na kazi, na swali hilo linatuelekea sisi tuliokaa tukingoja chakula.

Kwa hiyo, kuanzia juma lijalo, uwanja wa parokia ni wa wasichana kila Jumanne na Alhamisi, saa kumi hadi saa kumi na mbili kasorobo, ili wafike nyumbani kabla ya giza. Mpira nimeununua kwa fedha yangu, maana deni ni langu. Katekista na akina mama wawili watakuwepo. Wazazi, nawaomba siku hizo ndoo wazibebe wavulana. Baba wawili wamekwisha kuja kwangu kulalamika. Nimewasikiliza, na mlango wangu uko wazi kwa wengine. Lakini ratiba imekwisha kubandikwa mlangoni pa kanisa, na sitaibandua.

Mniombee, nami nawaombea.

Padre wenu