Mbatata za Kupalia

Hapa Pemba mbatata si mgeni, ingawa hatuzilimi. Zao hili lilianzia milima ya Andes, Amerika ya Kusini, likavushwa na Wahispania hadi Ulaya katika karne ya 16, na jina tunaloliita linafanana na batata la Wareno. Mmea wake hupenda baridi ya nyanda za juu. Ndiyo maana mbatata tunazonunua katika masoko ya Chake Chake na Wete hutoka mikoa ya bara kama Njombe na Mbeya, zikavuka bahari ndani ya magunia. Zikifika kwetu hutiwa katika mchuzi, hukaangwa chipsi, husongwa kachori na huogelea katika urojo. Mbatata hatuna shida nazo. Shida yetu ilikuwa jibini.

Mwaka jana dada yangu aliitwa na hoteli moja ya Unguja kwenda kufanyiwa majaribio ya kazi ya jikoni. Aliambiwa kwa simu kuwa atapika vyakula vitatu: wali wa nazi, samaki wa kuchoma, na mbatata za kuoka zenye jibini, ambazo wageni huziweka pembeni mwa samaki kama sisi tunavyoweka kachumbari. Viwili vya mwanzo dada angeweza kuvipika akiwa amefumba macho. Cha tatu hakuwahi kukila wala kukiona, na safari ilibaki wiki mbili.

Msomaji mwenzangu, usidhani kuwa jambo hili lilikuwa dogo. Baba ni mchumaji wa karafuu. Msimu uliotangulia alianguka kutoka juu ya mkarafuu akavunjika paja. Mti huu una tabia hiyo: tawi lake ni jepesi kukatika, na haliambii mtu kabla. Baba alianza kutembea kwa mkongojo, lakini kupanda mti tena ilikuwa ni ndoto. Mama aliuza maandazi asubuhi na mikate ya ufuta jioni, nasi watoto watano tulikula kutokana na hayo. Kwa hiyo dada alipokata simu, kila mmoja wetu alijua kuwa hatuzungumzii chakula cha wageni peke yake. Tulizungumzia chakula chetu.

Baba hakufurahi. Alinyamaza kutwa nzima, na usiku akasema, "Mwanangu, mimi sikatai kazi. Lakini bahari iko baina yetu. Ukiumwa huko, nani atakufunika shuka?"

"Baba, yupo khalati," dada alijibu kwa upole. "Ameniambia nitalala kwake mpaka nipate changu."

"Basi jifunze kwanza hicho chakula. Usiende ukatuaibisha."

Hiyo haikuwa ruhusa kamili, lakini ilitosha kuanzia.

Tukaenda kutafuta jibini. Katika maduka ya Chake Chake tulipata vile vipande vya pembe tatu vilivyofungwa karatasi ya kung'aa. Boksi moja dogo lilikuwa na bei ya mchele wetu wa siku mbili. Mama alitoa fedha hizo kutoka katika mfuko wa unga wa maandazi, akasema, "Hili ndilo la mwanzo na la mwisho." Boksi moja halitoshi kujifunzia kwa wiki mbili, kwa hiyo ilitubidi tutafute njia nyingine.

Hapo ndipo nilipoona faida ya daftari langu la sayansi. Maziwa yana protini iitwayo kasini, ambayo huelea ndani ya maji ya maziwa kwa chembe ndogo ndogo. Ukitia asidi katika maziwa ya moto, chembe hizo hushikana na kuwa mabonge. Asidi ya kufanyia kazi hiyo haikuwa mbali, maana mndimu uko nyuma ya nyumba. Tulinunua lita 2 za maziwa kwa jirani mwenye ng'ombe, tukayachemsha mpaka yakapanda, tukayaepua na kuyatilia maji ya ndimu nne, kidogo kidogo, huku dada akikoroga taratibu. Muda si muda maziwa yalijitenga: mabonge meupe upande mmoja, maji ya rangi ya manjano hafifu upande wa pili. Tuliyachuja kwa kitambaa safi, tukatia chumvi, tukayakunja na kuyakandamiza chini ya jiwe kwa saa mbili. Tukapata jibini iliyozidi robo kilo kwa uchache. Maji yaliyobaki hayakumwagwa. Mama aliyakandia chapati.

Jibini hiyo ilikuwa na tabia moja tuliyoigundua mara ya kwanza tulipoitia motoni: haiyeyuki. Hupata moto, hubadilika rangi, lakini hubaki vile vile kama mkate. Sababu inaeleweka. Jibini nyingi za dukani hugandishwa kwa kimeng'enya, na ndani yake hubaki madini ya kalisi yanayoziunganisha protini kwa namna inayolegea zikipata joto. Ndimu huyaondoa madini hayo, na protini zilizochemshwa hushikana kwa nguvu zisiweze kuachana tena. Tukaamua hivi: jibini ya ndimu ivurugwe ndani ya mchuzi wa maziwa ili iupe uzito, na vipande viwili tu vya dukani vipakwe juu ili viyeyuke na kufunika. Kwa mpango huo boksi moja lilitutosha kwa majaribio manne.

Kikwazo cha pili kilikuwa oveni. Hatuna, na hata tungekuwa nayo, umeme hununuliwa. Dada alikaa chini akashika tama. Bibi, aliyekuwa akichambua mchele barazani, akauliza kulikoni. Tulipomweleza alicheka mpaka akajifuta machozi.

"Kwani moto wa hiyo oveni unatoka wapi, mbinguni?" alisema. "Si unatoka juu na chini? Na wali wetu tunaupalia vipi?"

Kwa asiyejua, kupalia ni kuweka makaa ya moto juu ya kifuniko cha chungu au sufuria, ili chakula kipate joto kutoka pande mbili. Ndivyo wali unavyokaushwa kwetu, na ndivyo mkate wa kumimina unavyopata uso wa kahawia. Watu wa pwani wamekuwa wakioka hivyo tangu kabla waya wa umeme haujafika kisiwani.

Bibi akawa mwalimu. Alituonesha kuwa makaa ya vifuu vya nazi yana moto mkali unaokwisha haraka, na ya mkaa wa mti hudumu. Akatupa kanuni moja aliyotaka tuirudie kila siku: sehemu moja ya moto chini, sehemu tatu juu. Maziwa yana sukari na protini, nayo huganda na kuungua upesi kwenye kitako cha sufuria. Kwa hiyo seredani iwe na makaa machache, na kifuniko kibebe mengi.

Baada ya majaribio hayo, upishi wetu ulitulia hivi. Chukua mbatata kilo 1, uzimenye na kuzikata vipande vya duara vyembamba, unene wa sarafu mbili zilizopandana. Zichemshe katika maji ya chumvi kwa dakika tano, kisha zichuje. Hatua hii dada aliiongeza baada ya jaribio la kwanza, pale uso ulipoiva vizuri na katikati mbatata zikalia kama karoti mbichi. Kaanga vijiko viwili vya siagi na vijiko viwili vya unga wa ngano kwa moto mdogo, bila kuuacha unga ubadilike rangi. Mimina vikombe viwili vya maziwa ya moto polepole ukikoroga, mpaka upate mchuzi mzito. Tia jibini ya ndimu iliyovurugwa, punje tatu za thomu iliyopondwa, chumvi, pilipili manga, na kungumanga ya kukwaruza, kiasi cha ncha ya kisu.

Paka siagi sufuria pana, panga tabaka la mbatata, mimina mchuzi, panga tena, malizia kwa mchuzi. Tandaza jibini ya dukani juu. Funika, weka juu ya seredani, palia. Baada ya nusu saa ondoa kifuniko kwa uangalifu ili majivu yasianguke ndani, utazame uso. Ukiwa wa dhahabu yenye madoa ya kahawia, epua, uache dakika kumi upoe na kushikana kabla ya kukata.

Jaribio la nne liliangukia Ijumaa. Dada alipakua mbele ya baba pamoja na changu wa kuchoma. Baba alionja, akanyamaza, akaonja tena.

"Hiki si chakula cha kushibia," alisema.

"Hakikusudiwi kushibisha, baba. Ni cha pembeni."

"Na hii harufu ya kungumanga, wazungu wameipata wapi?"

Swali hilo lilitufurahisha wote, maana kungumanga huota katika visiwa vyetu, na wapishi wa Ulaya huzikwaruza katika vyakula vya maziwa kama hiki. Kumbe katika chakula kile cha kigeni mlikuwa na kitu chetu tangu zamani. Baba aliomba kipande cha pili, kisha akamwita mama ndani. Walipotoka, mama alikuwa amekwishahesabu nauli ya boti.

Dada alikwenda. Hakuajiriwa kuwa mpishi. Walimchukua awe msaidizi kwa miezi mitatu ya mwanzo, na kazi yake ilikuwa kumenya mbatata, ndoo baada ya ndoo, akiwa amesimama tangu alfajiri. Alinipigia simu akaniambia kuwa mikono imekuwa kama ya mchumaji wa karafuu. Nilimuuliza kama anajuta. Akasema, "Hapana. Baba alipanda miti miaka ishirini. Mimi nasimama chini." Mwezi wa nne walimpa meza yake mwenyewe, na fedha anazotuma zimerudisha mfuko wa mama wa unga mahali pake, na zaidi.

Nami ninajiandaa kwa mtihani wa Novemba kama wewe unayesoma ukurasa huu. Wapo wenzetu wanaosoma somo la kemia kana kwamba ni mambo ya nchi nyingine, na wanaoyaona maarifa ya wazee kuwa ni ya kijiji tu. Nyumbani kwetu ndimu ilieleza protini, na seredani ilieleza joto kuliko mchoro wa kitabuni. Kama bibi angetuachia daftari tu, tusingepata wa kutufundisha kupalia. Na kama tungekuwa na bibi bila daftari, tungebaki kushangaa kwa nini jibini yetu haiyeyuki. Wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa.

Matokeo yakiwa mazuri, nataka kuendelea na masomo ya sayansi hadi nisome sayansi ya chakula katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Ninataka kujua kama maziwa ya ng'ombe wa Pemba yanaweza kugandishwa kuwa jibini inayoyeyuka, inayokaa bila kuharibika katika joto letu, na inayouzwa kwa bei ambayo mama muuza maandazi anaweza kuilipa bila kugusa mfuko wa unga. Bibi amesema atangoja kuionja, ila nisichelewe.