Ripoti za Tarehe Saba

Zahanati ya kijiji ni ofisi ndogo inayodaiwa taarifa na ofisi nyingi kubwa. Wizara ya Afya inataka kujua magonjwa. TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, inataka kujua fedha, watumishi na majengo. Bohari ya Dawa inataka kujua dawa zilizotumika na zinazohitajika. Mpango wa chanjo, wa malaria, wa kifua kikuu na ukoma, wa UKIMWI, kila mmoja una maswali yake. Wa kuyajibu yote ni mganga mfawidhi na muuguzi wake, huku foleni ya akina mama ikiwasubiri mlangoni. Nimekuwa mratibu wa taarifa za afya katika halmashauri moja ya Kanda ya Ziwa tangu enzi za karatasi hadi enzi hizi ambapo kila kiongozi anasisitiza kwamba mifumo ya Serikali lazima isomane. Nataka kueleza nilivyoyaona mambo yakibadilika, na hasa kilichoyabadilisha.

MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ulisambazwa nchini Tanzania katika miaka ya 1990. Kwa watu wa zahanati, MTUHA ni vitabu. Kitabu namba 5 ni cha wagonjwa wa nje, namba 6 cha wajawazito, namba 7 cha watoto, namba 8 cha uzazi wa mpango, namba 12 cha wodi ya wazazi. Mwezi unapoisha, muuguzi anapitia mstari kwa mstari, anachora vijiti kwenye karatasi ya kuhesabia, vinne vya kusimama na cha tano cha kuvikata, kisha anahamishia jumla kwenye kitabu namba 2. Kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata, ripoti inatakiwa iwe imefika wilayani.

Tarehe 7 ilikuwa na njia zake. Ripoti zilikuja kwa bodaboda, kwa gari la chanjo, kwa mwalimu aliyekuwa na safari ya mjini, wakati mwingine zimekunjwa ndani ya kitenge ili zisilowe. Masika vituo vya ng'ambo ya mto vilikatika kabisa, na ripoti zao zilifika mvua ikipungua. Wilayani tulijumlisha kwa kikokotoo, tukapeleka mkoani, mkoa ukapeleka wizarani. Namba zilipomfikia mtu mwenye uwezo wa kufanya uamuzi, mtoto aliyeandikwa kuwa mgonjwa alikuwa ameshapona au ameshazikwa.

Ucheleweshaji huo ulionekana kwa kila mtu. Jambo lililonisumbua zaidi lilikuwa halionekani kirahisi. Ugatuaji wa madaraka uliweka zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya chini ya halmashauri. Mganga Mkuu wa Wilaya anafuata sera na miongozo ya Wizara ya Afya, lakini mwajiri wake ni Mkurugenzi wa Halmashauri, aliye chini ya TAMISEMI. Utaratibu huo una faida kubwa, kwa kuwa unaisogeza huduma karibu na wananchi na madiwani wao. Ila taarifa nazo zilipanda kwa ngazi mbili, na kila mradi uliokuja na fedha zake ulijenga ngazi yake ya tatu pembeni. Nakumbuka muuguzi mmoja, mtu mzima niliyemheshimu sana, alinipangia fomu za mwezi mmoja juu ya meza, moja baada ya nyingine, mpaka meza ikajaa. "Mdogo wangu," akaniambia, "hawa wajawazito ni walewale. Nimewahesabu hapa, nikawahesabu hapa, na hapa tena. Huko juu hamkutani mkaambiana?"

Swali hilo nimeishi nalo miaka yote ya kazi yangu.

Kompyuta zilikuja zikiwa na matumaini mengi. Programu ya DHIS2, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway na kurekebishwa kwa mazingira yetu kwa msaada wa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilikuwa imefika wilaya zote kufikia mwisho wa mwaka 2013. Tulipewa mafunzo, kompyuta mpakato na modemu. Mtandao ulikuwa mzuri alfajiri, kabla ofisi hazijafunguliwa, kwa hiyo wengi wetu tulijifunza kuingiza takwimu jogoo akiwika. Karatasi ziliendelea kufika kutoka vituoni, lakini zilipofika wilayani safari yao iliisha: namba niliyoingiza asubuhi, mtu wa mkoani na wa wizarani waliweza kuiona siku hiyohiyo. Kwangu yalikuwa mapinduzi. Kwa mara ya kwanza niliweza kufungua grafu ya kituo kimoja kwa mwaka mzima na kumwonyesha mganga wake kwamba wajawazito wanaohudhuria mara ya kwanza ni wengi, na wanaorudi kujifungulia kwake ni wachache.

Hata hivyo, mwanga huo ulituonyesha pia mchafuko tuliokuwa tumeuzoea gizani. Zahanati moja ilikuwa na majina matatu. Kwenye orodha moja iliitwa kwa jina la kijiji, kwenye nyingine kwa jina la dhehebu lililoijenga, kwenye ya tatu kwa jina la kata. Mwaka 2012 Serikali ilikuwa imeanzisha mikoa mipya ya Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, pamoja na wilaya mpya, na baadhi ya vituo vilibaki kwenye orodha za wilaya za zamani huku ripoti zake zikiletwa kwenye wilaya mpya. Idadi ya watu nayo ilileta mtihani wake. Kiwango cha chanjo ni watoto waliochanjwa kugawanywa kwa watoto wanaokadiriwa kuwepo, na makadirio hayo hutokana na sensa. Mipaka ilipogawanywa, kuna vituo vilivyoonekana vimechanja zaidi ya asilimia 100 ya watoto wao, na jirani zao wakaonekana wazembe. Ukweli ni kwamba mama hafuati mpaka wa kata. Anafuata kituo kilicho karibu na chenye chanjo siku hiyo.

Ndipo nilipoelewa kwamba kabla ya mifumo kuunganishwa, watu wanapaswa kukubaliana juu ya mambo ya msingi: kituo hiki ni kipi, mwezi unaanza lini, mgonjwa mpya ni nani. Wizara ilipoandaa orodha kuu ya vituo vya afya, kila kituo kikiwa na namba yake isiyobadilika, wachache walishangilia. Hapakuwa na sherehe ya uzinduzi wilayani kwetu. Lakini katika yote niliyoyaona, namba ile ndiyo iliyofanya kazi kubwa kuliko kompyuta yoyote, kwa sababu hatimaye mtu wa dawa, mtu wa fedha na mtu wa magonjwa waliweza kuzungumzia zahanati ileile.

Mfano ninaoukumbuka vizuri zaidi wa umuhimu wa kukubaliana hivyo ni wa dawa mseto ya malaria. Mfumo wa kielektroniki wa kuagiza dawa ulikuwa umeanza kutumika, na taarifa zake zilikuwa mbali na zetu. Katika kikao kimoja cha timu ya afya ya halmashauri, mfamasia alileta idadi ya dozi zilizotoka na mimi nikaleta idadi ya wagonjwa waliothibitishwa kwa kipimo cha haraka. Dozi zilikuwa nyingi mno kuliko wagonjwa. Mjumbe mmoja akatamka neno wizi, na ukumbi ukanyamaza.

Mfamasia aliomba tusitoke kabla ya kuchambua, na nilimshukuru. Tulianza na kalenda. Wakati huo vituo viligawanywa katika makundi A, B na C, kila kundi likiagiza dawa mwezi wake, hivyo miezi mitatu ya ripoti ya dawa haikuwa lazima iwe miezi mitatu ya robo yangu. Tukaja kwenye pakiti. Dawa mseto hutengenezwa kwa pakiti za vidonge 6, 12, 18 na 24 kulingana na uzito wa mgonjwa. Pakiti ya mtu mzima ikiisha, muuguzi hamrudishi mgonjwa nyumbani. Anaunganisha pakiti mbili za vidonge 12, au nne za vidonge 6. Mgonjwa mmoja anakuwa amemaliza pakiti nne. Tulipohesabu vidonge badala ya pakiti, na miezi ileile kwa vituo vilevile, tofauti ikapungua sana. Vikabaki vituo vichache ambavyo kweli vilihitaji kutembelewa. Tulikuwa karibu kuwatuhumu watu wote. Mpangilio mzuri wa taarifa ukatuonyesha pa kwenda na pa kuomba radhi.

Mwaka 2015 ukaja mtihani mwingine. Kipindupindu kililipuka Dar es Salaam mwezi Agosti na kusambaa katika mikoa mingi. Ugonjwa huo hausubiri tarehe 7. Taarifa zilipaswa kutoka kituoni mara moja, kwa simu ya mkononi. Lakini ripoti ya wagonjwa peke yake haikutosha, kwa kuwa kipindupindu ni ugonjwa wa maji na vyoo. Idara ya maji ilikuwa na orodha ya visima na pampu zilizoharibika. Afisa afya alikuwa na orodha ya kaya zisizo na vyoo. Mimi nilikuwa na wagonjwa kwa vitongoji. Tulipoziweka orodha tatu pamoja mezani, vitongoji vya kuanzia vilijitokeza vyenyewe. Wakati ule idara ya maji ilikuwa ndani ya halmashauri, korido moja na sisi. Tangu mwaka 2019 maji ya vijijini yako chini ya RUWASA, chombo kinachojitegemea chenye wataalamu na mifumo yake. Hilo lina sababu zake nzuri, lakini maana yake ni kwamba ushirikiano uliotegemea ujirani wa ofisi sasa unahitaji kuandikwa na kupangwa, la sivyo utategemea urafiki wa watu wawili, na mmoja akihamishwa unakufa.

Mabadiliko yaliyogusa zahanati moja kwa moja yalikuja mwaka wa fedha 2017/18, fedha za kuendesha huduma zilipoanza kupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za benki za vituo. Sambamba na hilo zilikuja PlanRep ya mtandaoni kwa mipango na bajeti, na FFARS kwa uhasibu wa vituo. Zamani mganga mfawidhi aliandika mpango wake, akaukabidhi, na kilichofuata alikisikia kwa wengine. Sasa alijua kiasi kilichoingia, na kamati ya usimamizi ya kituo, yenye wanakijiji ndani yake, iliweza kuuliza kilichonunuliwa. Taarifa za huduma zikawa na maana mpya. Kituo kilichoonyesha kwa takwimu zake kwamba akina mama wanajifungua usiku kwa wingi, kiliweza kupanga kununua taa za sola na kuitetea bajeti hiyo mbele ya kamati. Ubora wa ripoti ulipanda bila mimi kumfokea mtu, kwa sababu anayeijaza alikuwa wa kwanza kuitumia.

Kitaifa nako mambo yaliwekwa kwenye sheria. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 iliipandisha Wakala ya Serikali Mtandao (e-GA) kuwa Mamlaka, ikiwa na nguvu ya kusimamia viwango na kuzitaka taasisi za umma zibadilishane taarifa. Mwaka 2022 ikapitishwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, nayo niliipokea kwa faraja. Kadiri mifumo inavyosomana, ndivyo jina la mtu linavyoweza kusafiri mbali na chumba alichotolea siri yake. Mwenye virusi vya UKIMWI aliyemwamini muuguzi wa kijijini ana haki ya kujua kwamba jumla ndiyo inayopanda juu, na kwamba jina lake halionwi na asiyemhudumia.

Kazi haijaisha. Bado nakutana na vituo ambako muuguzi anajaza kitabu, kisha anaingiza kwenye kompyuta, kisha anajaza karatasi ya mradi kwa kuwa mradi una fomu yake. Wenye miradi hiyo wana nia njema. Kila mmoja anaona fomu yake ni ya kurasa mbili tu. Anayeziona zote pamoja ni muuguzi, na yeye haitwi kwenye vikao vya kubuni mifumo. Ningependa aitwe, akae meza moja na wahandisi wa programu na maofisa wa wizara, aeleze saa zake za siku zinavyokwenda.

Na ningependa tuwe na kanuni moja rahisi, itakayozibana wizara, halmashauri na wafadhili sawasawa: anayeleta mfumo mpya aoneshe kwanza, kwa jina, fomu ambayo mfumo huo unaiondoa mikononi mwa muuguzi, na aseme taarifa zitakazokusanywa zitamrudia muuguzi huyo lini na kwa namna gani. Asiye na majibu ya maswali hayo mawili, arudi akajipange.