Kinasa Sauti Katikati ya Jumuiya



Likizo iliyopita sisi mafrateri wawili, mmoja wa Mbeya na mwingine wa Iringa, tulipewa kazi ya kusikiliza Jumuiya Ndogo Ndogo na kuandika taarifa. Sinodi iliyohitimishwa Roma mwezi Oktoba 2024 ilituhimiza tuwe Kanisa linalosikiliza, nasi tuliona daftari halitatosha. Tukaomba ruhusa, wote wakaitikia "sawa", tukaweka simu juu ya kigoda katikati ya wanajumuiya, ikarekodi.

Baadaye programu ya kompyuta ilitenganisha sauti, ikaandika maneno na kuonyesha kila mtu amesema kwa dakika ngapi. Hutambua wasemaji kwa tofauti za sauti zao. Mvua ikipiga bati, au watu wawili wakisema kwa pamoja, inachanganyikiwa.

Mjini Mbeya matokeo yalituaibisha. Tulidhani mwenyekiti ndiye aliyetawala kikao, kumbe ni sisi. Tuliokwenda kusikiliza tulisema kuliko wote, na mara kadhaa tulimkatiza mtu kabla hajamaliza. Bila kifaa kile tungeandika taarifa huku tukijisifu kwamba tumesikiliza.

Iringa tulikwenda tukiwa tumejifunza kunyamaza. Katika kijiji kimoja bibi mmoja alisema mara moja tu, kwa Kihehe, kwa sauti ya chini. Wenzake wakatazama chini. Sisi Kihehe chetu kinaishia kwenye "kamwene". Programu nayo, iliyoandika Kiswahili vizuri, hapo ilitoa maneno yasiyo na maana. Katika hesabu yake bibi alikuwa wa mwisho: nusu dakika.

Kesho yake tulikwenda kumsalimia nyumbani.

"Wajukuu zangu, kile kidude kilinisikia?"

"Kilisikia, bibi, ila hakikuelewa."

Akacheka. Kisha akatueleza kwa Kiswahili: tangu aliposhindwa kutoa michango, anaona haya kuja jumuiya, na akija anakaa kimya. Katika yote tuliyokusanya, hakuna lililotugusa kama hilo.

Tulimuuliza kama kweli aliridhia kurekodiwa. "Ningekataaje mbele ya mafrateri?" Hapo tulielewa kwamba "sawa" ya kikundi si ridhaa ya kila mmoja. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Kanoni ya 220 inalinda jina jema na faragha ya kila mtu. Tulizijua zote mbili, lakini hatukumuuliza yeye. Akakubali maneno yake yaandikwe, hata hapa, bila jina wala sauti. Tukafuta rekodi mbele yake.

Taarifa tumemkabidhi paroko, na neno la bibi liko ukurasa wa kwanza. Siku hizi orodha ya dakika tunaisoma kuanzia chini, na aliyesema kidogo ndiye tunayemtembelea kwanza, bila simu mkononi.

Mpendwa msomaji, katika jumuiya yako ni nani ambaye hasemi? Umewahi kwenda kwake?