Kupiga mbizi mara ya kwanza

Haya jamani, nimekuwa kimya wiki mbili. Nilikuwa Diani, nikazamia na mtungi wa hewa mgongoni, mimi ambaye bahari yangu ni ya magotini.

Mwalimu alirudia jambo moja: usibane pumzi. Nikadhani ni vitisho tu. Kumbe mita 10 chini, shinikizo ni mara mbili ya lile la juu. Ukipanda umebana pumzi, hewa inatanuka na mapafu yanaweza kupasuka.

Mita 3 hivi, masikio yakaanza kuuma. Dawa yake ni kubana pua na kupuliza taratibu, kabla hayajauma. Mimi nilichelewa, hofu ikanishika, nikabana pumzi na kuanza kupanda. Mwalimu akanidaka mkono, akaashiria: toa hewa. Nikatoa.

Nilipotulia niliiona kompyuta mkononi mwake, ikihesabu kina, muda na naitrojeni mwilini. Nikamfikiria aliyeiandikia programu. Yangu ikigoma, mteja hupiga simu tu.

Na ndege usipande siku ileile. Mimi nilirudi Nairobi kwa basi, masikio bado yanalia.