Siku Moja, Misiba Miwili

Tarehe 7 Aprili ni Siku ya Karume. Afisi hufungwa, na Kisiwandui, Zanzibar, husomwa hitma. Mimi siku hiyo nina misiba miwili, na yote nilikuwa karibu nayo.

Mwaka 1972 tulikaa Kikwajuni, si mbali na Kisiwandui, yalipokuwa makao makuu ya chama cha Afro-Shirazi. Ilikuwa Ijumaa, magharibi inakaribia. Mzee Karume alikuwa pale afisini akicheza bao na wenzake. Sisi watoto tulikuwa nje tuliposikia risasi zikifuatana. Baba akatoka mbio: "Ingieni ndani, fungeni mlango!" Usiku ule hatukuambiwa kitu. Baadaye ndipo tulipojua kuwa Mzee Karume, Rais wa Zanzibar na Makamu wa Kwanza wa Rais wa Tanzania, ameuawa. Mama alilia. Kisha watu wakaanza kukamatwa, na wakubwa wakawa wanazungumza kwa kunong'ona hata majumbani mwao. Mzee alizikwa hapo hapo Kisiwandui, na Aboud Jumbe akashika nafasi yake.

Mwaka 1994 nilikuwa muuguzi Ngara, mpakani na Rwanda. Jumatano ya tarehe 6 Aprili, Rais Juvénal Habyarimana alikuwa Dar es Salaam kwenye mkutano wa viongozi wa kanda. Jioni ile ndege iliyokuwa ikimrudisha kwao ilitunguliwa Kigali, na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi, aliyekuwamo, akafa pamoja naye. Kulipokucha, tarehe 7, Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana aliuawa, na Watutsi wakaanza kusakwa nyumba kwa nyumba. Wahutu waliokataa mauaji waliuawa nao.

Habari za mwanzo tulizipata redioni. Zilizofuata tuliletewa na mto. Chini ya daraja la Rusumo, Kagera ulipitisha maiti kuelekea Ziwa Victoria: wanaume, wanawake, watoto wachanga, wengine wamefungwa mikono kwa nyuma. Mwishoni mwa Aprili watu wapatao 250,000 walivuka kwa muda wa siku moja tu, na Benaco, huko huko Ngara, ikageuka mji wa maturubai. Wengi wao walikuwa Wahutu wanaolikimbia jeshi la waasi wa RPF, na miongoni mwao walikuwamo walioua. Tuliwatibu wote. Mgonjwa akiwa mbele yako huwezi kumwuliza alifanya nini jana, lakini usiku swali hilo lilininyima usingizi.

Mzee Karume ana kaburi, ana jina na ana siku yake. Wale wa mtoni, wengi walizikwa kando ya ziwa, Uganda, katika makaburi ya pamoja, na waliowazika hawakujua wanamzika nani. Rwanda huanza maombolezo yake kila tarehe 7 Aprili. Sisi tuliowaona wakipita tunadaiwa sehemu yetu ya maombolezo hayo, kwa kuwa kuna marehemu ambao jamaa zao wote waliuawa siku zile zile, na shahidi aliyebaki ni yule aliyesimama darajani.

Kila mwaka nikienda hitmani, nikishamwombea Mzee, huwaombea na wao. Walimu wanaowaeleza watoto kwa nini siku hiyo hakuna skuli, nawaomba wawaeleze na habari za Rusumo.